Herufi Ndogo za Obadiah

Jumatatu, 5 Oktoba 1998, Voi

Mawingu yamekaa juu ya Sagalla tangu asubuhi na hayajashusha kitu. Crispus anasema vuli itachelewa. Mume wangu alikuwa gadi wa treni maisha yake yote ya kazi, kwa hivyo kuchelewa ndiyo elimu yake, na sibishani naye katika hilo.

Nimemaliza kuandika toleo jipya la Mjibizano. Wanaoniita mgomvi hawajui kwamba jarida langu lina adabu kuliko magazeti yote ya Nairobi. Simpingi mtu bila kumpa nafasi ya kusema yake yote: aya yake, kisha jibu langu, aya yake, kisha jibu langu, mpaka mmoja wetu aishiwe. Nina taipureta mbili. Ile ya herufi ndogo ni ya mpinzani, ile ya herufi kubwa ni yangu. Sijawahi kuandika jina la msemaji juu ya aya, wala kufunga maneno ya mtu kwa alama. Msomaji wa Voi, wa Bura au wa Sagalla akilishika jarida anajua papo hapo nani ni nani.

Safari hii mpinzani ni Obadiah, mwenyekiti wa kamati ya maji ya Sagalla. Ni binamu wa Crispus, na huniita “shemeji” kwa sauti ya mtu anayetema mbegu ya ndimu. Hoteli moja ya watalii huku chini inataka maji ya chemchemi yetu ya mlimani. Italaza bomba kwa gharama yake, itaweka mifereji katika vijiji, kisha itachukua nusu ya maji. Obadiah anasema ndiyo. Mimi nasema hapana, na nimesema hapana katika kurasa kumi na moja.

Ila uamuzi hauko kwake wala kwangu. Tangi la chemchemi lilijengwa na chama cha watu wa Sagalla walioko ng’ambo, na mkataba hautiwi sahihi bila kura yao. Watapiga kura tarehe 28 Novemba. Barua ya posta huenda ikafika Krismasi. Wote sasa wana imeli, na mimi sina hata kompyuta.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nimekwenda kwa Salme Abdulghani, karibu na stesheni, ambaye ana kompyuta mbili na laini ya simu katika chumba kilichopakana na duka la vitambaa la baba yake. Alisomea kompyuta Nairobi, akaajiriwa huko, akagombana na mkubwa wake, akarudi. Hilo la kugombana lilinipendeza. Mengine hayakunipendeza. Alinipokea huku akitafuna iliki, hakusimama.

“Mwalimu, umefika penyewe,” akasema. “Hapa Voi ni mimi tu. Ukitoka kwangu, mwenye kujua mambo haya yuko Mombasa, na huyo nilimfundisha mimi.”

Nikamwambia sijaja kusikiliza wasifu wake. Akacheka. Akasoma ukurasa wa kwanza wa karatasi zangu, akasoma wa pili, akaacha kutafuna.

“Huyu mwenyekiti anaandika vizuri, lakini wewe ni mkali, Mwalimu.”

“Utaweza kumfanya yeye awe na herufi ndogo na mimi kubwa?”

“Zamani imeli ilikuwa uchi. Siku hizi inavaa. Nitawavisha nyote wawili.”

Akanieleza. Barua inaandikwa kwa HTML, lugha ile ile ya kurasa za mtandao. Pale juu, kwenye kichwa cha barua, unaandika sheria mara moja tu: maneno ya Obadiah yawe hivi, ya Mwalimu yawe hivi. Kisha kila aya unaitia alama ya mwenyewe, nayo inajua ivae nini. Nilipenda mantiki yake. Sheria moja, juu, kwa wote. Ndivyo katiba inavyotakiwa kuwa.

Ijumaa, 16 Oktoba

Imekwenda. Kwenye kioo cha Salme ilipendeza: Obadiah mdogo, wa kijivu, amelala kimshazari, mimi nimesimama wima, mweusi, mkubwa. Nilitaka kuiweka kwenye fremu.

Jumanne, 20 Oktoba

Sikukuu ya taifa. Hakuna mvua.

Jumatatu, 26 Oktoba

Matone machache saa tisa, hayakulowesha hata vumbi la mlangoni. Mahindi tuliyopanda kavukavu panya wanayafukua.

Jumanne, 3 Novemba

Naandika kwa hasira.

Salme alituma mtu aniite: jibu limekuja kutoka Leeds, Uingereza, kutoka kwa Mwandawiro, ambaye ni katibu wa chama. Nilikwenda karibu nikikimbia. Mwandawiro nilimfundisha historia Bura, kijana mwenye akili timamu. Nanukuu alivyoandika:

“Mwalimu Nduku, tumefarijika mno kuona kwamba hatimaye umeukubali mradi wa bomba. Wanachama wengi walikuwa wanasubiri msimamo wako. Ile sentensi yako imetutoa machozi: ‘Maji yetu yanateremka usiku kucha kwenda kwa tembo, na asubuhi mama zetu wanafuata nyayo za tembo kutafuta kilichobaki.’ Sehemu nyingine hatukuzielewa vizuri, unaonekana kujipinga, lakini tumechukua kuwa ndiyo njia yako ya kufikiri kwa sauti. Nadhani kura itapita bila shida.”

Sentensi ile ni ya Obadiah!

Nilisoma mara ya pili nikiwa nimesimama. Salme alifungua barua yenyewe, ile iliyorudi chini ya jibu la Mwandawiro, na hapo nikaona walichokiona. Hakuna kijivu. Hakuna kimshazari. Hakuna mdogo wala mkubwa. Aya zote zimevaa sare moja, kama wafungwa. Aya ya Obadiah, yangu, yake, yangu, zimeungana kuwa hotuba moja ya mwanamke mwendawazimu anayesema ndiyo, halafu hapana, halafu ndiyo kwa sentensi nzuri kabisa.

“Umeniua,” nikamwambia Salme.

“Nimekuua,” akasema. “Lakini sikuwa peke yangu. Hebu kaa nimtafute mwenzangu.”

Nilimtukana. Niliitukana kompyuta, simu, waliovumbua vyote viwili, na hoteli. Hakunyamaza kwa unyenyekevu kama nilivyotarajia. Alinijibu: “Ungeandika majina juu ya aya, Mwalimu, haya yasingetokea.” Nikamwambia msomaji wangu si mtoto wa darasa la pili. Akasema, “Msomaji wako amekusoma kichwa chini, miguu juu.”

Tuliandika imeli fupi pale pale: SIKUBALI. Sentensi ya tembo ni ya Obadiah. Hapo nilidhani yamekwisha.

Jumatano, 4 Novemba

Hayakwisha. Mwandawiro amejibu: “Mwalimu, sasa ndiyo tumechanganyikiwa. Barua ya kwanza imeshasambazwa kwa wanachama wote. Wengine wanasema kuna mtu amekulazimisha ubadilishe msimamo. Kila mmoja anataka kujua aya ipi ni ya nani. Tafadhali itume upya, lakini hakikisha inaonekana sawasawa kwa kila mtu. Mimi nasoma kwenye tovuti ya bure. Wengine wanatumia programu za kazini. Kuna wawili vyuoni ambao mashine zao zinaonyesha maandishi matupu. Kura haiwezi kuahirishwa.”

Kwa kila mtu! Kana kwamba ninajua wanasomea wapi.

Crispus alisikiliza yote akimenya chungwa. “Umegombana na chifu, umegombana na askofu, umegombana na wizara,” akasema. “Sasa umefika kwenye herufi.”

Jumamosi, 7 Novemba

Lazima niandike haya kwa urefu, maana leo nimemwona mtu akifanya kazi.

Salme amempata mwenzake wa mauaji. Ile tovuti ya bure anayosomea Mwandawiro ni ukurasa wenyewe, una kichwa chake. Barua yetu ikifika na kichwa chake, tovuti inakikata na kukitupa. Sheria zetu zote zilikuwa kichwani. “Tumepeleka kiwiliwili,” akasema Salme, na hakuwa anatania.

Basi akaanza upya. Ameamua kuziondoa sheria juu na kuzishusha ndani ya kila aya. Kila aya ibebe amri yake yenyewe ya fonti, yaani umbo la herufi, na isitegemee kitu kilichosemwa kabla yake. Akanifungulia barua ile ile katika programu tatu alizonazo kwenye kompyuta zake, na kwa ya nne akampigia simu kaka yake Hanif, ambaye anafanya kazi Mombasa katika ofisi ya forodha na mizigo. Nilikaa kwenye kigoda nikisikiliza upande mmoja wa mazungumzo, halafu akaiweka simu kwenye spika ili nami nishuhudie.

“Hanif, aya ya kwanza unaionaje?”

“Nyeusi.”

“Nimeuliza umbo lake, si kabila lake! Ina mikia?”

“Mikia gani tena?”

“Herufi, bwana wee! Miguuni zina vistari vya pembeni, au zimekatika wima?”

“Subiri nivae miwani… Ya kwanza haina mikia. Ya pili ina mikia. Ya tatu ina mikia. Ya nne ina mikia.”

“Ya tatu haitakiwi kuwa na mikia!”

“Basi iambie wewe, dada yangu, mimi nina mizigo ya watu hapa.”

Salme alikata simu, akafumba macho, akazungusha iliki mdomoni. Kisha akapiga meza. Kumbe alikuwa amezipanga aya ndani ya visanduku vya jedwali ili zikae vizuri, na programu ya Hanif kila inapoingia kisanduku kipya inasahau yote iliyoambiwa katika kile cha nyuma. Inarudi kwenye fonti yake ya kuzaliwa. Kwa hivyo amri lazima iandikwe ndani ya kila kisanduku, hata kama imeshaandikwa mara ishirini.

“Haichoshi?” nikamwuliza.

“Inachosha. Lakini mashine haina haya, Mwalimu. Usipoiambia, inajifanyia.”

Akaandika upya visanduku vyote kwa mkono, kimoja kimoja. Mara mbili mtu aliingia kutaka barua ya maombi ya kazi ipigwe chapa, na mara mbili alimwambia, “Kesho,” bila kugeuza shingo. Nimefundisha miaka ishirini na mbili, nimeona wanafunzi hodari wa kukariri na hodari wa kubuni. Sijaona wengi walio hodari wa kurudia jambo lile lile bila kulidharau.

Jumatatu, 9 Novemba

Nimeelewa sasa ninapigana na nani. Kila programu ya imeli ni chifu mdogo katika lokesheni yake. Sheria inatoka mahali pamoja, imeandikwa, inaeleweka, na kila chifu anaisoma apendavyo. Huyu anakata kichwa. Yule anasahau kwenye mpaka wa kisanduku. Mwingine hana fonti uliyoitaja, basi anaweka ya nyumbani kwake wala hakwambii. Salme alikuwa amechagua fonti nzuri ya kisasa; Hanif hakuwa nayo, wala huenda hata robo ya Leeds hawana. Sasa ametumia Arial kwa mmoja na Times kwa mwingine, maana hizo karibu kila mashine inazo, na baada ya kila jina ameandika jina la pili na la tatu, mashine ikikosa hii ichukue ile.

Nilimwambia huo ndio uandishi wa kisiasa: kuandika ukijua kwamba msomaji wako wa kwanza ni adui. Akasema, “Mimi nilidhani ni uvumilivu tu.”

Hakuna mvua. Nimeona akina mama wa Sagalla sokoni wakiwa na madumu matupu. Wameteremka nayo huku.

Jumatano, 11 Novemba

Obadiah amekuja nyumbani kwangu.

Alivaa koti la mwenyekiti kwenye jua hili, amenyoosha shingo kama jogoo. Crispus alikuwa amemweleza yote. Hana siri mume huyu, ni sawa na ubao wa matangazo wa stesheni. Nilijua kwa nini amekuja: kunicheka. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya mlimani hadi mwisho wa mwezi, na kura ingekuwa yake. Mimi ningekuwa mahali pake ningefika na mbuzi wa kusherehekea.

“Shemeji,” akasema akiwa bado mlangoni, “umeniibia.”

“Nimekuibia nini?”

“Sentensi yangu ya tembo! Niliitunga wiki nzima. Niliisema kwa mbuzi kabla ya kuisema kwa binadamu. Leo nasikia Leeds wanalia machozi, na wanamshukuru nani? Wanakushukuru wewe!”

“Lakini unashinda, Obadiah.”

“Nashinda kwa mdomo wa mwanamke wa Kikamba!”

“Huyu mwanamke wa Kikamba amepika chai. Ingia.”

Akaingia, akanywa, hasira haikumtoka. Nilimwambia juu ya Salme na kazi anayoifanya. Akataka kujua kura ni lini, na kama barua mpya itawahi. Nikamwambia labda. Akaweka kikombe chini.

“Iwahi,” akasema. “Nikishinda nishinde kwa jina langu. Nikishindwa, vilevile. Sitaki mtu aje aniambie miaka kumi baadaye kwamba bomba hili lililetwa na hitilafu ya kompyuta. Kesho kutwa nitateremka nione mwenyewe.”

Akatoka bila kuaga. Nilibaki nimeshika birika. Miaka yote hii nimemwita bonge la kiburi, kwa maandishi, na sijakosea: ni bonge la kiburi. Lakini kiburi hicho leo kimemtembeza kutoka mlimani hadi mjini ili ajinyang’anye ushindi aliokuwa nao mkononi. Najua watu wengi wanyenyekevu ambao wasingevuka hata barabara.

Alhamisi, 12 Novemba

Mawingu. Upepo. Basi.

Ijumaa, 13 Novemba

Vita vya leo vilipiganwa kwa Salme, kuanzia saa nne hadi adhana ya Ijumaa ilipotutenganisha, kisha vikaendelea.

Obadiah alisimama nyuma ya kiti cha Salme, mikono mgongoni, kama anakagua gwaride. Akaonyesha kioo kwa kidole.

“Hizi herufi za mchwa ni mimi?”

“Ni wewe,” nikasema.

“Na hizi za tembo?”

“Ni mimi. Jarida ni langu.”

“Na maji ni ya nani?”

Salme akacheka hadi iliki ikamtoka. Nikamwambia asiingilie. Akageuza kiti, akatutazama wote wawili.

“Wazazi wangu, nisikieni. Hata nikitaka kumpendelea Mwalimu, siwezi. Ukubwa wa herufi ndicho kitu cha kwanza kinachokufa njiani. Herufi zake ndogo hapa kwangu zinasomeka. Kwenye kompyuta za Macintosh ni vumbi. Programu moja inazikuza, nyingine inazipunguza zaidi. Nikimkuza mwenyekiti ili asomeke kila mahali, hapa anakuwa sawa na wewe. Njia moja tu itakayofika salama: muwe sawa. Ukubwa wa kawaida, nyote. Yeye Arial, wewe Times. Nyuma yake rangi hafifu ya manjano, nyuma yako nyeupe. Na juu ya kila aya, jina.”

“Majina sitaki.”

“Wale wawili wa chuoni hawataona Times wala Arial wala manjano, Mwalimu. Nitaambatisha nakala ya maandishi matupu ndani ya barua hiyo hiyo, kwa mashine zisizojua kuvisha. Pale ni jina au hakuna kitu.”

Nilipinga. Nilisema Mjibizano una desturi, na desturi ya jarida ni uso wake. Nilisema mpinzani wangu anapewa nafasi yote anayotaka, sijawahi kumkata hata silabi, na magazeti makubwa hayafanyi hivyo. Nilisema mengi, mengine mazuri. Obadiah alisikiliza kwa heshima ya mtu anayepumzika. Salme alingoja nimalize.

“Unaogopa nini?” akaniuliza. “Akisomeka vizuri atakushinda?”

Nimehojiwa na polisi, na wakaguzi wa elimu, na mara moja na kadhi na kasisi kwa pamoja. Wote niliwajibu. Hapa nilitazama kioo, nikaona aya zake zilivyojikunyata pembeni mwa zangu, na sikupenda nilichokiona. Haikuwa sura ya mtu anayejiamini.

“Yaweke sawa,” nikasema.

“Na majina?”

“Na majina, mtoto mkaidi wewe.”

Obadiah akavuta kiti, akaketi kwa mara ya kwanza. “Binti Abdulghani,” akasema, “hiyo manjano yangu iongeze kidogo.”

“Haiongezwi. Ukiongeza, wengine wataiona ya machungwa.”

“Basi iache.”

Jumatatu, 16 Novemba

Salme ameijaribu katika programu zote alizozipata. Hanif ametazama, na safari hii alivaa miwani mapema. Rafiki wa Salme wa chuo kikuu Nairobi amesoma maandishi matupu na kuelewa nani ni nani. Haifanani kila mahali: kwa mmoja manjano imekuwa maziwa, kwa mwingine mistari imetanuka. Salme amenuna kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini kila mahali, Obadiah ni Obadiah na Nduku ni Nduku.

Laini ilikatika mara kadhaa. Barua imekwenda saa saba na nusu mchana. Salme mwenyewe alibonyeza, akaniangalia, akasema, “Hii nayo, niambie nimekosea wapi.” Sikuona mahali.

Jumapili, 22 Novemba

Hakuna mvua. Kanisani tumeiombea. Crispus alilala.

Jumatatu, 30 Novemba

Kura imepigwa. Chama kimesema hapana.

Nilipoisoma nilipiga kelele, na watu wa duka la vitambaa wakaja mlangoni. Salme alinikumbatia. Halafu nikaendelea kusoma, na kelele zikaniishia. Mwandawiro anaandika:

“Safari hii kila mtu aliiona barua vizuri. Tumeisoma kwa sauti mkutanoni, mmoja akawa mzee Obadiah na mwingine akawa wewe. Kilichoamua kura ni aya yake ya nne, pale anaposema waziwazi kwamba katika miezi ya kiangazi kikali hoteli itapewa maji kwanza ili ajira za watoto wetu zisipotee. Mama mmoja aliuliza, kwani Sagalla kuna miezi mingapi isiyo ya kiangazi kikali? Hapo mjadala ukaisha. Tunamheshimu mwenyekiti kwa kutokuficha sharti hilo. Tunaukubali mkataba wowote utakaoweka vijiji kwanza wakati wa ukame. Bomba hatulikatai.”

Aya ya nne. Nilikuwa nimeijibu kwa ukurasa mzima wa kejeli: tai ya meneja, bwawa la kuogelea, Wazungu wanaoogeshwa kama watoto. Watu walicheka kejeli yangu hapa Voi kwa mwezi mzima, na hakuna hata mmoja aliyenitajia sharti lenyewe, kwa sababu lilikuwa limeandikwa kwa herufi za mchwa na mimi nimesimama mbele yake. Silaha yangu kubwa kuliko zote alikuwa ameniandikia Obadiah, kwa uaminifu, na mimi nikaifunika.

Nilimwonyesha Salme. Akasoma polepole.

“Wallahi, alisema kweli mpaka ikamuumiza,” akasema.

Akatoa nakala mbili kwenye printa. Moja ya Obadiah. Nimempa Crispus aipeleke mlimani, maana sikuwa na moyo wa kuipeleka mwenyewe.

Alhamisi, 3 Desemba

Crispus amerudi. Namwuliza Obadiah amesema nini. “Amesoma. Ameuliza kama walilia tena penye tembo.” Ndiyo habari yote.

Jumamosi, 5 Desemba, jioni

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule, Sagalla. Watu wengi, jua kali, vumbi limepanda hadi kwenye viatu vya meneja wa hoteli, ambaye alipewa kiti cha mbele na kijana wa kumshikia mwavuli. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilijua Obadiah atafanya nini, kwa kuwa nimewaona wenyeviti wengi: atasema Chama kimeleta barua, ina mambo ya kitaalamu, itajadiliwa na kamati, tufunge kwa maombi. Nilikuwa na kurasa za kumzuia asiondoke na hilo.

Alisimama, akavaa miwani, akaisoma yote. Aliisoma kwa Kiswahili, kisha sentensi moja moja akaisema kwa Kisagalla kwa ajili ya wazee. Hakuruka. Alipofika pale panaposema kilichoamua kura ni maneno ya mwenyekiti mwenyewe, alipaza sauti ili walio nyuma wasikie.

Jamaa mmoja, mlevi kidogo, akapiga kelele: “Kwa hivyo umeshindwa, Mwenyekiti!”

“Nimeshindwa,” Obadiah akasema. “Na aliyenishinda ni mimi. Wewe umewahi kuandika kitu chenye nguvu hiyo?”

Uwanja ukalipuka kwa vicheko. Akangoja watulie. Kisha akamgeukia meneja, na sauti ikabadilika.

“Bwana Meneja, nilikuwa upande wako, na mpaka leo nalitaka bomba lako. Lakini sasa masharti ni haya. Mvua ikikosekana, mtu anakunywa kwanza, mgeni anaoga baadaye. Na mvua imekosekana, wewe mwenyewe unaona.”

Meneja akasema hilo hawezi kuliamua hapa, lazima awasiliane na Nairobi.

“Wasiliana,” Obadiah akasema. “Mjini kuna binti ana laini. Andika vizuri, maana anasoma kila kitu mara nne.”

Watu walianza kupiga makofi. Meneja akainuka, akaketi tena, akaomba arudiwe sharti hilo polepole aliandike. Obadiah akaanza kulirudia, neno kwa neno, kwa sauti ya mwalimu wa imla, na hapo ndipo nilipojikuta nimesimama, hotuba yangu imeanguka chini, napiga makofi kuliko wote.

Crispus akanivuta nguo. “We mama, unampigia makofi Obadiah?”

“Nyamaza,” nikamwambia, “nataka kumsikia.”